Vumbi la Chai

Katika miaka yangu ya ualimu niliwahi kufundisha kosa moja kwa ujasiri mkubwa, nami naona heri niliungame.

Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Murang'a. Mama mmoja mkulima aliniletea zawadi ya majani ya chai, laini kama unga. Mbele ya darasa la saba nikasema kwamba hilo ni vumbi la kufagiwa sakafuni, na chai ya kweli ni ya jani zima. Ndivyo nilivyosikia nikiwa chuo cha ualimu. Mwana wa mama yule alikuwemo darasani. Aliinamisha kichwa.

Mwaka uliofuata nilitembelea kiwanda cha chai, nikajionea. Chai nyeusi yote hutoka katika mmea wa aina moja. Majani hunyaushwa, huvunjwa, huachwa hewani mpaka yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Tofauti imo katika kule kuvunja. Kwa njia ya kale majani husokotwa taratibu, mengine yakabaki mazima. Chai yake hutoa rangi polepole, ina harufu nzuri, na wengi huinywa bila maziwa. Mwaka 1930, huko Assam nchini India, William McKercher alibuni mashine yenye rola za meno makali ambayo hukata, hurarua na kuviringa jani likawa punje ndogo. Punje hizo hukoza upesi, na rangi yake haishindwi na maziwa. Kenya, ambako chai ilipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, imeishika sana njia hii.

Na vumbi je? Chai ikishakauka huchekechwa. Punje kubwa hupewa jina lake, ndogo lake, na zilizo laini kabisa huitwa vumbi. Jina hilo hutaja ukubwa tu; majani yaliyochumwa asubuhi moja hutoa madaraja yote.

Mtoto yule alikuwa amekwisha kumaliza shule. Nilikwenda nyumbani kwao, nikamwomba mama yake radhi. Akacheka. "Mwalimu, hiyo ya jani zima mimi sijapata kuiona. Keti kwanza unywe chai."

Akanimiminia ile ile niliyoitukana. Nilikunywa vikombe viwili.