Achari: safari ndefu mpaka sahani ya biriani

Achari tunaiita yetu, lakini jina lenyewe asili yake ni Kiajemi, na Bara Hindi wanalitumia vilevile. Embe nalo limetoka Bara Hindi. Pilipili imetoka Amerika. Wareno ndio walioieneza pande zetu, baada ya Vasco da Gama kupita pwani hii mwaka 1498.

Siki ina heshima yake katika dini. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri.

Bibi zetu walihifadhi kwa chumvi, jua, ndimu na siki. Chupa ya kufungwa kabisa na kuchemshwa ilikuja baadaye: Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia hiyo mwaka 1810, kabla Louis Pasteur hajaeleza kazi ya vijidudu katika kuharibu chakula.

Lakini mwari, usidhani moto umeondoa haja ya siki. Vijidudu vya sumu ya botulini huacha mbegu zinazostahimili maji yanayochemka, kisha huota pasipo hewa: ndani ya chupa iliyofungwa, au chini ya mafuta. Uchachu wa siki ndio unaozizuia. Basi ukitia karoti, vitunguu na kabichi chupani, fuata kipimo cha siki. Ikikuzidi ukali, ongeza sukari, siki usiipunguze.

Bibi hakujua jina la kijidudu hicho, ila kwenye siki hakuwa na ubahili.