Jina la Picha: Kiswahili katika Maonyesho ya Sanaa Jijini Dar es Salaam

Utangulizi

Historia ya uchoraji na uchongaji nchini Tanzania mara nyingi huandikwa kama historia ya watu na mitindo: nani alianza, nani alifuata, na kazi zipi zilinunuliwa. Mhadhara huu unaitazama historia hiyo kwa upande wa lugha. Swali lake ni hili: kazi ya sanaa inapowekwa mbele ya watu wa Dar es Salaam, huitwa kwa jina gani, na jina hilo limetoka kwa nani? Hoja inayojengwa ni kwamba jina ni sehemu ya kazi yenyewe, na kwamba onyesho linalolibadilisha jina bila kuhifadhi lile la awali huinyima jamii ushahidi wa fikra za wasanii wake.

Dai hili lina mizizi katika mwambao wenyewe. Kanga ina pindo, ina mji, na ina maandishi ambayo huitwa jina. Mwanamke anapochagua kanga dukani hutazama rangi na nakshi, lakini pia husoma jina, na huenda akaiacha kanga nzuri kwa sababu jina lake halisemi analotaka kusema. Hapa nakshi na neno havitenganishwi. Swali ni iwapo utaratibu huo ulifuatwa pale picha na vinyago vilipoanza kuonyeshwa jijini.

Sanaa, maonyesho na tamasha

Kabla ya kuingia katika historia hiyo yafaa kuyapima maneno matatu. Neno sanaa lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu utengenezaji wa kitu kwa ustadi. Katika asili hiyo, kazi ya seremala na kazi ya mchoraji hazina mpaka mkali. Maonyesho, kwa upande wake, ni neno la Kibantu lililonyambuliwa kutokana na kitenzi ona. Kuonyesha ni kumfanya mwingine aone. Kwa hiyo onyesho ni tendo la pande mbili, na haliwezi kusemwa kuwa limefanyika ikiwa aliyekusudiwa hakuona. Ama tamasha, neno hili limepita katika Kiajemi, na kiini chake cha Kiarabu ni kutembea pamoja. Watu hutoka, huandamana, hutazama.

Upana wa maneno haya umeleta faida na utata. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipochapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, maonyesho waliyoyakusudia yalikuwa ya jukwaani. Mkazi wa jiji anaposikia maonyesho ya Sabasaba, hufikiria mabanda ya biashara katika viwanja vya Barabara ya Kilwa. Mchoraji naye hutumia neno hilohilo kwa picha zilizotundikwa ukutani. Hali kadhalika, neno msanii leo humleta akilini kwanza mwanamuziki au mwigizaji, na katika lugha ya mitaani usanii umepata pia maana ya ulaghai. Mchoraji na mchongaji wamebaki na jina wanalogombania na wengi.

Vinyago na majina yake

Wachongaji wa Kimakonde kutoka nyanda za juu za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka Mto Ruvuma katika enzi ya ukoloni wakitafuta kazi, wengi wao katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Baadhi yao walifika Dar es Salaam, wakauza vinyago vya mpingo kwa wafanyabiashara wa mjini, akiwemo Mohamed Peera. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mchongaji Samaki Likankoa alimpelekea Peera kinyago cha umbo lisilo la kawaida. Kwa Kimakonde umbo hilo lilihusishwa na nnandenga, yaani kiumbe wa porini. Sokoni mtindo uliotokana nalo uliitwa shetani.

Tafsiri hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Katika Kiswahili cha pwani, shetani si lazima awe ibilisi wa mahubiri. Mashetani ni pepo wanaopanda watu, wenye ngoma zao na waganga wao. Msemaji wa Kiswahili aliyesikia neno hilo alipata picha iliyo karibu na ile ya mchongaji. Lakini mnunuzi wa Ulaya alipolisikia, alikumbuka Biblia. Kinyago hakikubadilika, ila kilisomwa kwa namna tatu katika lugha tatu.

Mfano wa pili ni ule wa mnara wa watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, katika gogo moja. Mtindo huu huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, naye pia mchongaji kutoka Msumbiji, na kwa Kimakonde uliitwa dimongo, neno lenye maana ya nguvu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, jina lililoenea lilikuwa ujamaa. Umbo lilelile, ambalo kwanza lilisifu nguvu za wanaobebana, sasa lilisomwa kama kielelezo cha siasa ya taifa. Jina jipya lilikipa kinyago wasomaji wengi na heshima kubwa, na leo ujamaa ni neno linalojulikana katika makumbusho ya nchi nyingi. Hata hivyo dimongo limebaki kwa watafiti wachache. Ni kweli kwamba Kiswahili kiliipandisha kazi hiyo jukwaani. Ni kweli pia kwamba katika kufanya hivyo kiliifunika lugha ya mchongaji. Anayelalamika kwamba Kiingereza kimekifunika Kiswahili katika kumbi za sanaa hana budi kuikumbuka hatua hii ya mwanzo.

Kandokando ya duka

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Alitumia rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oysterbay. Ukumbi wake wa maonyesho ulikuwa kando ya njia. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, alipodhaniwa kuwa mhalifu, lakini jamaa na wanafunzi wake, wakiwemo Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah, waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1990 warithi wa mtindo huo walijiunga katika chama cha ushirika kilichobeba jina lake.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia ni safari ya jina hilo. Katika Kiswahili tingatinga ni trekta, mtambo wa kulima. Kwa msanii lilikuwa jina la ukoo. Baada ya kifo chake likawa jina la mtindo, kisha nomino ya kawaida: mtu hununua tingatinga mbili kama anavyonunua vitenge viwili. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kulipitisha. Lilizaliwa katika mazungumzo ya wachoraji na wateja, likavuka mipaka bila kutafsiriwa.

Kutoka njiani hadi ukutani

Sambamba na sanaa ya njiani palikuwa na sanaa ya kumbi. Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na baadaye katika shule ya Slade mjini London, alichora maisha ya Wachaga wa Kilimanjaro, na mwaka 1960 picha yake moja ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Picha hiyo inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, na inajulikana duniani kwa jina la Kiingereza. Yaliyochorwa ni mambo ambayo wahusika wake waliyaita kwa Kichaga. Katika rekodi neno lao halimo.

Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, ilikuwa jaribio la kuziunganisha njia hizi mbili, kwa kuwa ilikuwa karakana, duka na ukumbi kwa pamoja. Humo alikuzwa George Lilanga, ambaye hadi kifo chake mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania waliojulikana zaidi ng'ambo. Jina la nyumba hiyo lilikuwa la Kiswahili, na kila mpita njia aliweza kulisoma.

Baadaye yalikuja maonyesho makubwa ya pamoja, hasa Bienale ya Sanaa ya Afrika Mashariki iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2003. Maonyesho ya aina hiyo yalitoa katalogi, na katalogi ni hazina kwa mwanahistoria. Lakini katalogi nyingi za sanaa ya Tanzania zimeandikwa kwa Kiingereza. Sababu inaeleweka: wanunuzi na wafadhili wengi ni wageni, na msanii hula kwa kuuza. Asiyejua bei ya rangi asimcheke msanii anayeandika jina la picha kwa lugha ya mteja. Hata hivyo, onyesho linaloeleza kazi kwa lugha ambayo jirani wa ukumbi haisomi humwonyesha mmoja na kumficha mwingine. Kwa maana ya kitenzi chenyewe, limefanyika nusu.

Uwanja wa jamii

Upande wa tamasha umekuwa na bahati zaidi. Katika Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kando ya Barabara ya Bagamoyo, tangu miaka ya 1990 zimekuwa zikiandaliwa siku ambazo jamii moja huja na ngoma zake, vyakula vyake na ufundi wake. Hapo anayeeleza ni mwenye kitu. Jina la chombo hutajwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha hufafanuliwa kwa Kiswahili, na msikilizaji huondoka na yote mawili. Huu ni utaratibu ambao kumbi za picha zingeweza kuuiga bila gharama kubwa.

Kituo cha Nafasi, kilichoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni, nacho kimewakusanya wachoraji, wacheza ngoma na wanamuziki katika eneo moja, baadhi yao wakifanya kazi ndani ya makontena ya mizigo. Jina lake limechaguliwa vema, kwani nafasi ni mahali na pia ni fursa.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba majina yaliyodumu, yaani ujamaa, shetani na tingatinga, yalitoka midomoni mwa watu waliokuwa wakichonga, wakichora na kuuza. Inaonyesha pia kwamba mengine, kama dimongo na nnandenga, yamenusurika kwa sababu tu mtu fulani aliuliza na kuandika. Wachongaji na wachoraji wa kizazi cha kwanza wengi wamekwisha kufariki. Vinyago vyao vimehifadhiwa kwenye makabati ya kioo katika miji ya mbali, ila majina waliyovipa hayakuhifadhiwa kwa bidii hiyo.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili ni bayana. Aendaye kwenye onyesho na achukue daftari. Amuulize msanii kazi yake inaitwaje kwa lugha aliyoifikiria, aliandike jina hilo kama lilivyotamkwa, kisha aweke tafsiri pembeni. Kanga imekuwa ikifanya hivyo kwa muda mrefu: imevaliwa, imeonekana, na imesomwa.