URENO: NCHI YA PWANI TUNAYOIHUSU

 

Ukitaja Ureno kwa vijana wa Kitale au Bungoma, utaambiwa Cristiano Ronaldo, basi. Hebu leo tuuache mpira kidogo. Nchi hii ndogo ya pwani ya Ulaya hupokea mamilioni ya watalii kila mwaka, na mengi wanayokwenda kuyaona yana mkono wetu ndani yake.

Kwanza, fahamu kwamba Ureno iliwahi kutawaliwa na Waislamu. Walivuka bahari kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711. Eneo la magharibi waliliita al-Gharb, na kusini mwa nchi jina hilo limebaki mpaka leo: Algarve, huko wanakokimbilia watalii kwa ajili ya fuo zake. Mfalme Afonso Henriques aliiteka Lisbon mwaka 1147, na Faro, mji wa kusini kabisa, ukafuata 1249. Lakini athari hazikufutika. Sukari kwa Mreno ni açúcar, mchele ni arroz, yote kutoka Kiarabu. Katika mji wa Mértola kuna kanisa ambalo zamani lilikuwa msikiti, na mihrabu yake bado unaiona.

Pili, wao nao wakaja kwetu. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498 na hakuelewana na wenyeji. Akaenda Malindi, wakampokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Unajua kwa nini? Malindi na Mombasa zilikuwa zikishindana, na Malindi ikaona imepata rafiki mwenye mizinga.

Mwaka 1502 da Gama alirudi na merikebu nyingi, akamlazimisha Sultan Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Sasa ile dhahabu ilikwenda wapi? Iko Lisbon. Mwaka 1506 ilitumika kutengeneza chombo cha ibada cha kanisa, na leo kiko katika jumba la makumbusho la sanaa za kale. Watu hulipa kiingilio kukitazama. Monasteri ya Jerónimos, jengo ambalo hakuna mtalii analikosa, ilijengwa kwa kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki, hasa viungo. Humo ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama.

Na huku kwetu waliacha nini? Waliacha Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593 na kutekwa na Waomani 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Waliacha maneno: meza, bendera, leso. Hata gereza limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Na mahindi, ambayo Trans Nzoia inajivunia, asili yake ni Amerika. Wareno ni miongoni mwa waliyoyaingiza Afrika. Kwa hiyo ukila ugali usiku huu baada ya kufuturu, historia iko kwenye sahani yako.

Ndugu yangu, sisemi tuwachukie Wareno wa leo. Lisbon ina msikiti mkuu uliofunguliwa 1985, na baadhi ya Waislamu wa huko wana asili ya Msumbiji, nchi iliyopata uhuru kutoka kwa Ureno 1975. Ninalosema ni hili: Kilwa, Mombasa na Malindi zilikuwa na dini moja na lugha moja, lakini kila mji ulijiangalia wenyewe. Mgeni hakuhitaji jeshi kubwa. Alikuta mlango umeshafunguliwa na jirani.

Ukijaaliwa kufika Lisbon, nenda, ni mji mzuri. Lakini kabla ya hapo panda basi la Mombasa, ingia Fort Jesus, kisha fika Malindi uione nguzo ya Vasco da Gama. Ukiisimamia pale, angalia bahari na ujiulize: leo sisi vijana wa Kitale na wa Bungoma, tunashindana au tunasaidiana?

Wabillahi tawfiq.