Kigeugeu

nomino [ki-/vi-], wingi vigeugeu

1. Mtu asiye na msimamo.
2. (kompyuta) Jaribio la kiotomatiki linalofaulu mara hii na kufeli mara nyingine ilhali msimbo haujabadilishwa.

Mfano: Jaribio la malipo ni kigeugeu, jana lilifaulu, leo limefeli, wala hakuna aliyegusa msimbo.

Matumizi: Lisichanganywe na jaribio bovu, ambalo hufeli kila liendeshwapo. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu miradi ya Apache ulibainisha kuwa chanzo kikuu cha ugeugeu ni kusubiri kusikofaa: jaribio hungoja kwa muda uliokadiriwa badala ya kungoja jibu lenyewe. Chanzo kingine ni kutegemea mpangilio. Jaribio likifaulu peke yake na kufeli baada ya mengine, yamkini limerithi data iliyoachwa na lililotangulia. Mpangilio ubadilishwe ili kuthibitisha.

Tanbihi: Jina hili hulibebesha jaribio lawama, ilhali kasoro huweza kuwamo katika programu yenyewe. Anayelirudia hadi lifaulu hajatibu kitu. Amemwachia mtumiaji kasoro hiyo.