Injini ya Gari, Propela ya Ndege, na Kipande cha Katikati

Wanaojiundia ndege nyumbani hupenda kubishana kuhusu injini: ya Subaru au ya Volkswagen, mpya au ya mtumba. Ubishi huo hauzai sana. Injini ya gari iliyotunzwa ni chombo kizuri. Kinachoiangusha angani mara nyingi ni kile kinachoiunganisha na propela, na kiungo hicho huchaguliwa kwa vigezo visivyo vya kwanza. Watu huulizia uwiano wa mizunguko, uzito na bei. Wangeanza na mtetemo wa msokoto.

Haja ya kupunguza mizunguko yenyewe haina utata. Ncha ya propela ikikaribia kasi ya sauti, takribani mita 340 kwa sekunde, ufanisi huporomoka na kelele hupanda. Propela yenye kipenyo cha mita 1.8 ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha yake huenda mita 254 kwa sekunde, na hapo inafaa. Ukiizungusha mara 5,500, kasi ambayo injini nyingi za magari hutolea nguvu zao zote, ncha itafika mita 518. Basi mjenzi ama aiendeshe injini polepole na kuacha sehemu kubwa ya nguvu aliyoinunua, ama aweke mkanda, gia au mnyororo.

Njia ya kwanza hudharauliwa bila haki. Bernard Pietenpol wa Minnesota, Marekani, aliirusha Air Camper mwaka 1929 kwa injini ya Ford Model A, propela ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye krenkishafti. Ford ile ilitoa nguvufarasi 40 tu, lakini ilizitoa kwenye mizunguko 2,200, ambayo propela ndefu ya mbao huimudu vizuri. Injini ya Volkswagen ya kobe nayo huzungusha propela fupi, ya mita 1.4 hivi, hadi mara 3,400, na ncha hubaki chini ya mita 250 kwa sekunde. Hapo hakuna mkanda wa kukatika wala jino la kumeguka.

Gharama yake iko kwingine. Krenkishafti ya gari haikusanifiwa kubeba mvuto wa propela, wala ule mzigo wa kando unaozuka rubani anapogeuza pua ya ndege huku propela, kama pia ya mtoto, ikikataa kugeuzwa. Wenye injini za Chevrolet Corvair waliliona hilo miaka ya 2000, krenkishafti kadhaa zilipopasuka. Jibu lao lilikuwa beringi ya tano, iliyoongezwa upande wa propela ili ipokee mizigo hiyo. Yaani hata waliotaka kukwepa kipande cha katikati waliishia kukiunda.

Sasa msokoto wenyewe. Injini ya pistoni haisukumi kwa utulivu, hupiga. Yenye silinda nne na mipigo minne hupiga mara mbili kila mzunguko: mara 90 kwa sekunde kwenye mizunguko 2,700, karibu 167 kwenye 5,000. Kila pigo huisokota shafti kidogo, nayo hujirudi. Upande mmoja kuna krenkishafti na flaiwili, upande wa pili kuna propela, na shafti iliyo kati yao ni springi. Springi yenye uzito ncha zote mbili ina kasi yake ya asili ya kutetemeka. Mapigo ya injini yakiiangukia kasi hiyo, msokoto hukua hadi kuupita kwa mbali ule wa wastani ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, na chuma kilichotosha kwa hesabu ya wastani hupasuka.

Ndugu Wright walikutana na balaa hili kabla hawajaruka. Novemba 1903, karibu na Kitty Hawk, injini iliyokuwa ikikosakosa iliivuta minyororo kwa mishtuko hadi shafti za propela, zilizokuwa mabomba, zikaharibika. Zikaletwa nzito zaidi, sproketi zikalegea, wakazibana kwa gundi ya matairi ya baiskeli. Kisha shafti moja ikaonekana ina ufa. Orville akarudi Dayton kutengeneza nyingine za chuma kisicho na uwazi, na tarehe 17 Desemba ndege ikaruka. Kisa kile husimuliwa kwa habari za mabawa na usukani, ilhali kwa majuma kadhaa kilichowazuia kilikuwa shafti. Nusu karne baadaye Molt Taylor, aliyeipa Aerocar, gari lake la kuruka, propela ya mkiani na shafti ndefu ya kuifikia, aliweka kiungio chenye punje za chuma ndani ili kinyonye mapigo.

Kwa mtazamo huu wa msokoto, mkanda wa meno ni bora kuliko sifa zake. Hunyumbuka kidogo, hauhitaji oili, na uchakavu wake mwingi huonekana kwa macho. Ni mpana, kweli, na ukazo wake huvuta beringi kando. Gia huchukua nafasi ndogo, lakini ni ngumu na zina mwanya kati ya meno: injini inapozunguka taratibu, msokoto hugeuka nyuma na mbele kati ya pigo na pigo, na meno hugongana. Ndiyo maana injini ya Rotax 912, iliyosanifiwa kwa ndege tangu mwanzo, ina kifyonza mishtuko ndani ya giaboksi. Thielert ya Ujerumani ilipoigeuza dizeli ya Mercedes-Benz kuwa injini ya ndege yenye cheti mwaka 2002, ilikuwa na wahandisi na maabara, na bado giaboksi yake ilianza kwa kutakiwa kushushwa kila saa 300 za kuruka. Fundi wa gereji ya nyumbani asidhani atafanya vizuri zaidi kwa kukisia. Kwa injini ya chini ya nguvufarasi 80 hivi ningefunga propela moja kwa moja, na juu ya hapo ningeanza na mkanda.

Wapo watakaopinga: giaboksi fulani imeruka saa mamia kwenye ndege ya mwenzangu, nahitaji ushahidi gani tena? Ushahidi huo ni wa giaboksi ile pamoja na propela ile. Badili ya mbao uweke ya chuma, na uzito uliotawanyika mbali na kitovu hubadilika, na kasi ya asili ya mfumo mzima huhama pamoja nao. Rotax huweka kikomo cha mtawanyiko huo wa uzito kwenye 912: kilo-sentimita mraba 6,000. Anayeuza giaboksi bila kutaja kikomo cha namna hiyo, na bila vipimo vya mtetemo kuanzia injini inapowashwa hadi mizunguko ya juu, amemwachia mnunuzi kazi ya kuvipima akiwa angani.