Msimulizi wa Kiungani: Chimbuko la Magazeti ya Wanafunzi Afrika Mashariki

Anayetaka kujua magazeti ya wanafunzi yalianzaje katika Afrika Mashariki hana budi kuanzia Unguja, katika shule ya Kiungani, ambayo haikuwa ya Sultani wala ya serikali nyingine yoyote, bali ilimilikiwa na UMCA, yaani misheni ya Kianglikana iliyoundwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Hapo ndipo lilipotoka, mwezi Oktoba 1888, gazeti lililoitwa Msimulizi, ambalo ni miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa kuchapishwa kwa Kiswahili. Afisa wa Kiingereza John Ainsworth alipokuja kukisimamia kituo cha Machakos, katika Kenya ya leo, mwaka 1892, vijana wa Kiungani walikuwa wameshapata uzoefu wa miaka kadhaa wa kukusanya habari, kuziandika na kuzipiga chapa.

Vijana hao walikuwa wanafunzi wa namna ya pekee. Wa kwanza walikuwa watoto watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu William Tozer mwaka 1864, na baada yao wakaja wengi waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi ya watumwa, kisha wakaongezwa vijana waliotoka bara katika vituo vya misheni. Walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha waliyojifunza wengi wao baada ya kutengwa na watu wao, nacho kikawa lugha pekee waliyoweza kuzungumza wote pamoja. Edward Steere, aliyefika Unguja pamoja na Tozer na ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, aliwafundisha baadhi yao kazi ya chapa, yaani kupanga herufi za risasi moja moja hadi ukurasa ukamilike, kuzipaka wino na kuzigandamiza katika karatasi. Ustadi huu wa mikono ndio uliowezesha gazeti kupatikana, kwa kuwa shule iliyokuwa na wapangaji herufi wake yenyewe haikuhitaji kumlipa mpiga chapa wa nje.

Mwaka mmoja kabla ya Msimulizi kuanza, mwalimu wao Arthur Cornwallis Madan alichapisha huko London kitabu kilichopewa jina la Kiungani, kilichokusanya masimulizi ya wanafunzi kuhusu nchi walikozaliwa na jinsi walivyotekwa. Kitabu hicho kina thamani kubwa, lakini maneno ya vijana yalikuwa yametafsiriwa kwa Kiingereza ili yasomwe na Waingereza, ambao huruma yao na michango yao ilihitajika. Msimulizi liligeuza uelekeo huo, kwani liliandikwa kwa Kiswahili ili lisomwe na wale wale waliolala bweni moja na waandishi wake, na kwa sababu hiyo linastahili kuhesabiwa kuwa tukio kubwa kuliko kitabu, ingawa wanahistoria wengi wamelitaja kwa kifupi mno.

Gazeti hilo lilitoka kila baada ya miezi miwili, na uhai wake ulitegemea barua. Wanafunzi waliohitimu walipelekwa kuwa walimu Magila katika nchi ya Wabondei, Masasi na Newala upande wa kusini, na hata kisiwa cha Likoma katika Ziwa Nyasa, nao kutoka huko walikuwa wakiandika habari za safari, shule, ndoa, vifo na ibada, zikapangwa pamoja na habari za Kiungani penyewe. Mwalimu aliyekuwa peke yake kijijini, mwendo wa majuma mengi kutoka pwani, aliweza hivyo kujua nani ameoa na nani amefariki miongoni mwa wenzake, na kwa mtu aliyepoteza ukoo wake utumwani habari kama hizo zilikuwa habari za jamaa. Ni kweli kwamba gazeti lilikuwa chini ya macho ya wamisionari, na mwandishi hakuwa na nafasi ya kuipinga misheni waziwazi. Hata hivyo, mambo madogo ya kila siku waliyoyaandika vijana hao ni ushahidi wa maisha ya Waafrika wa karne ya 19 ambao haupatikani katika ripoti za maaskofu.

Gazeti liliendelea hadi katikati ya miaka ya 1890, na mfano wake haukupotea. Shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga ilianza kutoa Kiongozi mwaka 1904, nalo pia lilipigwa chapa shuleni. Baadaye vyuo vikuu vikashika uongozi: Penpoint lilianza Makerere mwaka 1958 na kuwapa nafasi waandishi chipukizi kama Ngũgĩ wa Thiong'o, na Cheche, lililochapwa kwa stensili Dar es Salaam kuanzia mwaka 1969, likapigwa marufuku mwaka 1970. Habari za Cheche zinajulikana vizuri leo hasa kwa sababu Karim Hirji, mmoja wa wahariri wake, alisimamia kitabu kuhusu gazeti hilo kilichotoka mwaka 2010.

Majarida mengi ya shule hayakupata bahati hiyo. Nakala zake hugawiwa siku ya wazazi, zikasomwa kwa furaha, kisha zikachakaa au kuchomwa pamoja na karatasi nyingine za ofisi, na kumbukumbu ya kizazi kizima cha wanafunzi ikapotea. Shule za binafsi za Machakos, za mjini na za vitongoji kama Katelembo, zinaweza kuzuia hasara hii kwa gharama ndogo sana. Walimu walezi wa vyama vya uandishi na waweke nakala mbili za kila toleo, moja katika maktaba ya shule na nyingine nje yake, zikiwa na tarehe na majina ya wahariri, nao waliosoma zamani wenye matoleo ya kale nyumbani wayarudishe shuleni kwao.