Umeme wa migodi, bidoni ya nyumbani

KASUMBALESA – Mwaka 1930, maji ya Lufira pale Mwadingusha yalianza kutoa umeme kwa viwanda vya shaba vya Union Minière. Mwaka 1982 ikafika laini ya Inga, karibu kilomita 1,700, nayo ilijengwa kwa ajili ya migodi. Nyaya zilipita juu ya vijiji, vikabaki gizani.

Hadi leo, umeme ukikatika, wenye uwezo wanawasha jenereta. Ndogo nyingi zinatumia esansi, kubwa mazutu. Esansi ndiyo hatari zaidi: mvuke wake unatambaa chini na kushika moto wa mbabula, na ikikaa miezi inaharibika. Wazoefu wananunua kidogo, wanafunga bidoni vizuri, wanaiweka nje kivulini.

Nyumba ikipokea familia zilizohama makwao, nafasi inakuwa ndogo. Hata hivyo, bidoni ndiyo itoke, si watoto.